Riwaya ya shangazi na barua zake, uzoefu wangu baada ya kuisikiliza mara mbili

Yaani nimeimaliza jana usiku, mara ya pili hiyo, na bado namuwaza yule shangazi kama mtu niliyemjua. Ni riwaya ya mapenzi na upelelezi, kuna binti anarithi nyumba ya bibi yake, anafungua sanduku anakuta barua za shangazi yake aliyefariki miaka thelathini nyuma, kwao siku zote wanasema alizama mtoni, lakini kwenye barua ya mwisho kaandika kuna mtu anamfuata. Basi nikajua leo silali.

Hizo barua ndo zimenishika. Hadithi nyingi za hivi marehemu ni maiti tu, anakufa ili wengine wapate cha kupeleleza. Huyu ana sauti yake, mcheshi, anadai hela ya nguo alizoshona, anampenda mtu ambaye nyumbani hawamtaki. Ukifika katikati unaomba asife na unajua alishakufa toka chapta ya kwanza! Na dada anayesoma kwenye odio akifika kwenye barua anashusha sauti kidogo, anasoma taratibu, nililia pale anapompangia mdogo wake watakavyosherehekea sikukuu.

Mapenzi nayo yametulia. Binti anasaidiwa na fundi anayekarabati ile nyumba, mkaka mpole, mwandishi hawaharakishi, mpaka washikane mikono ushahangaika nao vya kutosha. Kumbe jamaa alikuwa anajua toka siku ya kwanza kwamba babu yake aliwahi kuhojiwa kuhusu kile kifo, akanyamaza kwa kuogopa kumpoteza. Mi nilimkasirikia kweli kweli, halafu mara ya pili nikasikiliza vizuri nikaona dalili zote zilikuwepo, kila akitajwa mto anabadilisha mada. Uandishi huo nauheshimu.

Sasa kuna watu wanasema ile ya stempu imetiwa chumvi, kwamba mtu alambe stempu ya barua ya vitisho miaka hiyo, halafu leo mate yake yamuumbue. Hapana jamani, mate yaliyokauka chini ya stempu yanaweza kutoa DNA hata baada ya miongo, ikiwa bahasha imekaa pakavu. Na kumfikia mtu kupitia ndugu zake pia kupo, Marekani mwaka 2018 walimkamata Joseph James DeAngelo kwa mauaji ya miaka ya sabini na themanini, walianzia kwa ndugu wa mbali ambao wenyewe walikuwa wameweka DNA zao mtandaoni kutafuta ukoo tu, wakachora mti wa familia mpaka wakamfikia, halafu wakachukua DNA kwenye vitu alivyogusa na alivyotupa wakapima kuhakikisha. Kwa hiyo fundi kupima DNA ili ajue ukoo wake, kisha jina la babu yake likatokea kwenye kesi, sioni uongo hapo.

Nachogomba nacho ni muda. Kwenye riwaya bahasha inapelekwa maabara leo, majibu kesho asubuhi. Sampuli ya zamani hivyo mara nyingi imeharibika kiasi, inachukua muda, na kuchora ukoo peke yake inaweza kuwa kazi ya miezi. Angetuacha tusubiri na yule binti, amekaa na mwanaume anayempenda mezani huku hajui karatasi itasema nini, hapo ndo kungekuwa na utamu! Kaupoteza bure. Na muuaji anavyokiri mwishoni ameongea mno, kurasa nzima nzima anajieleza, mi nilishaelewa zamani.

Ila mama wa binti, ambaye kitabu kizima hataki kumtaja dada yake, mwishoni anaomba asomewe barua moja. Anachagua ile ya sikukuu.

Kama umewahi kumpoteza ndugu kwa namna isiyoeleweka, chapta ya mtoni iruke kwanza, ni ya tisa. Hadithi utaifuata tu bila hiyo, utairudia ukiwa tayari.