git filter-repo: ya kutoa folda moja na historia yake, ila angalia majina ya zamani

Wakuu, kama una ripo kubwa ya Git (hifadhi ya kodi na historia ya mabadiliko yake) na unataka folda moja itoke ikakae kwenye ripo yake bila kupoteza historia, achana na git filter-branch, amri ya zamani ya kazi hiyo. Hata maelezo rasmi ya Git yanakwambia usiitumie, nenda git filter-repo. Ni kazi ya Elijah Newren, faili moja tu la Python, unapiga pip install git-filter-repo basi, ila Git yako isiwe ya chini ya 2.36.

Nimetoa nayo folda ya api kwenye ripo ya kazini. git filter-repo --subdirectory-filter api/ na vya ndani vyote vinapanda juu, komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) ambazo hazikuigusa hiyo folda zinaondoka, majina ya walioandika na tarehe vinabaki. Na spidi aisee, ile ya zamani unaiacha inajikongoja unaenda kula unarudi bado ipo.

Sasa kinachoniudhi. Haifuatilii folda iliyobadilishwa jina, yani kama api zamani iliitwa server, ukitaja api peke yake historia yako inaanzia siku jina lilipobadilishwa, ya nyuma yote imeenda na haikwambii kitu. Kwa hiyo kwanza piga git filter-repo --analyze, fungua .git/filter-repo/analysis/renames.txt uone majina ya zamani, ndo uandike --path server/ --path api/ kwa pamoja na --path-rename server/:api/ juu yake.

Ikigoma ikisema hiyo sio kloni mpya (nakala ya ripo uliyoichukua sasa hivi), watu wanakimbilia --force kuilazimisha. Jamani kloni upya tu, na kama unakloni kutoka mashine hiyo hiyo weka --no-local. Halafu usishtuke ukikuta origin (anwani ya ripo uliyokloni) imefutwa, ni makusudi hiyo, usije ukapush (kutuma komiti) juu ya ripo ya zamani. Hashi zote (namba za utambulisho za komiti) zinabadilika pia, tiketi zenye link za komiti za zamani zitakusumbua, ila .git/filter-repo/commit-map inakupa ya zamani na mpya yake, mi hiyo tu inanitosha kuipa nyota tano.

Ila kama unataka mirror (nakala inayofuata ya kwanza), yani folda bado inapokea komiti kila siku kwenye ripo ya zamani, basi git subtree split --prefix=api ndo yenyewe. Kwenye historia ndefu inachosha, ila ukirudia hashi zinatoka zile zile, unapush komiti mpya tu.