Nati za Magurudumu: Tazama Mdomo Kabla ya Rangi

Hamjambo watazamaji, karibuni tena. Hapa mezani nina seti tatu za nati nilizonunua Kirinyaga Road, Nairobi, asubuhi hii. Hebu tuanze na hii, niisogeze karibu na kamera. Ni ya aina inayokuja na rimu nyingi orijino za aloi za Toyota. Ona shingo yake iliyonyooka, na hii washa bapa, yaani pete ya chuma, inayozunguka bila kutoka. Shingo huzama ndani ya tundu la rimu, washa ikalala juu ya sehemu tambarare. Ya pili haina washa. Mdomo wake, yaani sehemu inayobana rimu, umechongwa kama koni ya digrii 60, na rimu nyingi za spoti tunazonunua hapa mjini zimetengenezewa nati ya namna hii.

Mwaka jana niliweka rimu za spoti kwenye Toyota Fielder yangu, fundi akarudishia zile nati za zamani zenye washa. Zilikaza, nikaridhika. Siku ya tatu nikiwa Thika Road, nikikaribia Roysambu, usukani ukaanza kutetemeka. Nikadhani ni balansi. Kusimama pembeni na kushika gurudumu, nati mbili zikafunguka kwa vidole tu! Ukingo wa matundu ulikuwa umelika hadi unang'aa. Washa bapa ilikuwa imegusa ukingo peke yake, koni ya ndani haikushikwa na chochote. Kuanzia siku hiyo sinunui nati kabla ya kuchungulia tundu la rimu.

Tena kuna Honda, ambazo nati zake orijino zina mdomo wa mviringo kama ncha ya yai. Ukiwa na haraka utadhani ni koni. Fanya hivi: paka wino wa kalamu nene ndani ya tundu, kaza nati kwa mkono, kisha itoe. Wino ukifutika ukanda mpana pande zote, imekaa. Ukiona kamstari kembamba tu, rudisha dukani.

Sasa nyuzi. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi nyingi ndogo hutumia 12 kwa 1.5, yaani unene wa milimita 12 na milimita 1.5 kati ya uzi na uzi. Nissan, Subaru na Suzuki nyingi ni 12 kwa 1.25. Ukiweka nati ya Toyota kwenye Nissan, itaingia mizunguko michache kisha ikwame, na hapo ndipo kijana wa pancha huchukua mashine ya hewa akailazimisha. Itaingia, ndiyo, lakini imeshatafuna stadi, ile skrubu ya gari inayopokea nati. Tafadhali, mwambie aanze kwa mkono. Na hesabuni mizunguko: nati ya 1.5 ishike angalau mizunguko 8, ya 1.25 karibu 10. Pungufu ya hapo stadi ni fupi kwa rimu hiyo, hasa ukiwa umeweka spesa, kile kipande cha kusogeza rimu nje. Wenye BMW na Volkswagen, ninyi mnatumia boliti, kwa hiyo pimeni na urefu wake pia.

Seti ya tatu ni hizi nyekundu za alumini. Zinapendeza, nakubali, na ni nyepesi mkononi. Mimi sizipendekezi kwa gari la kila siku. Nyuzi zake ni laini, na gari linalofunguliwa magurudumu mara kwa mara huzimaliza upesi. Tena hizi zimezibwa kichwani: stadi ikiwa ndefu itagonga mwisho wa nati kabla rimu haijabanwa, na mkononi utahisi imekaza. Kwangu mimi, chuma chenye mdomo wa koni ndicho kilichoshinda.

Kaza kwa kuruka, nati moja kisha ya upande wa pili, gari likiwa limegusa chini kidogo, na umalize kwa spana yenye kipimo. Kwa Fielder ni Nm 103 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Usipake grisi kwenye stadi, maana utakaza kupita kiasi bila kujua. Ukishatembea kama kilomita 80, yaani ukitoka Nairobi unakaribia kufika Naivasha, simama upime tena.

Na ikiwa spea yako bado ni ile rimu iliyokuja na gari, funga nati zake katika kitambaa uziweke butini pamoja na jeki. Pancha ikikupata usiku, zile za koni huenda zisiishike hiyo spea.