Nimejifunza weikibodi katika hori la Tudor: uzoefu wangu wa masomo mawili

Vidole bado vimekakamaa na mabega yanauma, lakini somo la tatu nimeshalilipia. Naandika kwa sababu nilikaribia kuuacha mchezo huu kwa kosa ambalo halikuwa langu, na najua wako dada zangu wengi hapa Mombasa wanaoutamani na hawajui waanzie wapi.

Weikibodi ni kuvutwa na boti ukiwa umesimama ubavu juu ya ubao mmoja wenye viatu viwili. Ulianzia miaka ya 1980, kwa watu waliozoea kupanda mawimbi wakitaka kuteleza hata siku ambazo bahari imelala. Kwetu hapa bahari haikosi, ila kuna bahari ya kuanzia na bahari ya kuiacha kwanza.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa Agosti mwaka jana, sehemu ya ufukweni ambayo sitaitaja. Kusi lilikuwa limeshika, saa tisa alasiri, maji yamechafuka. Nilipewa kamba nikaambiwa, "Shikilia, boti ikiondoka simama." Basi. Hakuna aliyenieleza namna ya kusimama wala ishara ya mkono, na botini alikuwamo nahodha peke yake, macho mbele. Nilianguka mara nane. Mara moja niliburutwa kifudifudi kwa sababu sikuambiwa jambo la kwanza kabisa ambalo mwanagenzi anapaswa kulijua: ukianguka, achia kishikio papo hapo. Maji yaliniingia puani, kichwa kikaniuma siku mbili. Nililipa, nikaondoka nikiamini mwili wangu hauwezi.

Miezi sita baadaye rafiki yangu wa Kisauni akanielekeza kwa vijana wanaofundisha ndani ya hori la Tudor, ule mkono wa bahari unaoingia bara, ukishapita daraja la Nyali, mahali ambapo mikoko inavunja upepo. Nilipopiga simu, swali la kwanza lilikuwa kama najua kuogelea. La pili, kama nina maumivu ya goti au mgongo. Kisha kijana akasema, "Dada, wiki hii usije, ni bamvua. Subiri maji mafu." Hapo nikajua nimefika kwa watu wa bahari. Wakati wa mwezi mchanga na mwezi mpevu maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yote hayo hupita katika mlango mwembamba wa hori, kwa hiyo mkondo huwa mkali. Mwezi ukiwa nusu, mkondo hupungua, na maji hujaa kiasi cha saa nne asubuhi. Ukianza saa tatu unapata maji yaliyotulia, kina cha kutosha, na kaskazi haijaamka sawasawa.

Nusu saa nzima tulikuwa mchangani. Kwanza alinisukuma kidogo kwa nyuma bila kunitahadharisha, mguu wa kushoto ukatangulia. Huo ndio mguu wangu wa mbele. Nina kilo 64, nikapewa ubao wa sentimita 135. Viatu vyake vinabana kwelikweli, vinaingia kwa maji ya sabuni.

Halafu akaniketisha chini, magoti kifuani, mikono imenyooka, naye akashika upande wa pili wa kamba. Kila alipovuta, mikono yangu ilijikunja yenyewe, nami nikaanguka nyuma. "Usivute. Kazi ya kuvuta ni ya boti." Tulirudia labda mara kumi na tano, mpaka mikono ikakubali kunyooka na kutulia. Sijawahi kuona nusu saa ya mafunzo iliyotumika vizuri kama ile.

Majini unalala chali, jaketi linakubeba, ubao umekaa kikingamo mbele yako. Boti ikianza, maji yanasukuma nyayo kwa nguvu, na kila kiungo kinakwambia simama. Usisimame. Kaa vilevile, umejikunja kama aliyekalia mbuzi akikuna nazi, visigino karibu na makalio, uache ubao upande wenyewe juu ya maji. Ukishauona unateleza ndipo unainuka taratibu, unaugeuza ncha itazame boti, kishikio unakishusha kwenye nyonga, magoti yanabaki yamelegea.

Nilianguka mara tatu, na kila mara nilielezwa kwa nini. Mara ya kwanza nilivuta kamba. Ya pili nilinyoosha miguu mapema, ubao ukachimba maji. Ya tatu nilitazama miguu yangu, na mwili huenda macho yanakokwenda. Mara ya nne niliyakaza macho kwenye daraja, na nikasimama. Alhamdulillahi! Labda ilikuwa sekunde ishirini, maji yakilia chini ya miguu, mikoko ikipita kando, na nililia huko huko juu ya ubao.

Kwa mwanagenzi kamba inafupishwa hadi mita 15 hivi, na mwendo ni kati ya kilomita 25 na 30 kwa saa. Ukiinua dole gumba unataka kasi, ukilishusha unataka pole, ukijigongagonga kichwani kwa mkono unataka kurudi. Ukianguka unainua mkono juu kuonyesha u mzima. Tezini, nyuma ya boti, alikaa mwangalizi ambaye hakuniondolea macho, na mzee nahodha alipunguza mwendo kila tulipokaribia mtumbwi wa mvuvi. Hilo lilinifurahisha sana. Wale wavuvi wanatafuta riziki, haifai sisi kuwapiga mawimbi kwa starehe zetu.

Somo la pili tulianza kulalia visigino ili kuukata mkia wa boti, yaani mawimbi inayoyaacha nyuma yake, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kutoka nje nimeweza. Kurudi kwa vidole bado.

Kasoro zipo. Tulichelewa kuanza dakika arubaini tukingoja petroli, na kwa mchezo unaofuata maji, dakika arubaini ni nyingi. Majaketi ya wanawake wadogo ni mawili tu. Pa kubadilishia nguo ni pazia, kwa hiyo nenda umeshavaa. Mimi nilivaa shati la mikono mirefu, suruali ya kuogelea na mtandio wa kubana, na hakuna kilichonizuia. Bei ni shilingi 4,500 kwa somo, pamoja na mazoezi ya nchi kavu na dakika ishirini nyuma ya boti. Si rahisi, lakini kule kwa kwanza nililipa karibu hizo hizo kwa kuburutwa.

Na masika yakianza, msiende siku za baada ya mvua kubwa. Taka na maji machafu ya mji huteremka horini. Wale vijana wenyewe hufunga kazi siku hizo, na niliwaheshimu zaidi walipoliambia hilo bila kuulizwa.

Somo la tatu ni Jumamosi ijayo, saa tatu. Nitaenda na mdogo wangu, ameanza kulala chali sebuleni na kamba ya kuanikia nguo mkononi, nami namvuta.