Accessport kwenye WRX yangu, na baridi ya Minnesota juu

Wakuu wa Subaru, naandika kuhusu COBB Accessport, kile kifaa kidogo chenye skrini kinachobadilisha programu ya kompyuta ya injini na kurekodi data zake, maana watu wanainunua kwa sababu moja tu, nguvu, halafu wanaisahau kwenye droo. Mi nina WRX ya 2016, injini FA20DIT lita 2, manuali, niko Minneapolis ambako usiku wa Januari -25 sio habari ya kumshtua mtu.

Kufunga hamna kazi, unachomeka kwenye tundu la OBD chini ya usukani, unapakia mapu (programu) ya Stage 1, ile ya gari ambayo haijabadilishwa kitu, ya mafuta yako (mi oktani 91 ya Marekani, ambayo ni kama 95 ya huko nyumbani), hujagusa hata nati moja na gari imechangamka kweli, ule uvivu wa chini kabla turbo haijajaza umepungua sana. Safi. Ila kwangu utamu uko kwenye kile kiskrini.

Baridi ilivyoingia gari ikaanza uzito, unakanyaga gia ya tatu inavuta halafu kama imekata pumzi, na chini ya boneti unasikia shhhh, taa ya injini wala haijawaka. Gereji moja wakaniambia turbo imekufa tubadilishe, bei waliyotaja nikabaki nacheka tu. Nikarekodi data. Bosti, yaani presha ya upepo wa turbo, ya kiwandani inafika kama psi 15.9 na mapu yangu inaomba zaidi ya hapo, mi napata 12 kwa shida, halafu wastegate duty (amri ya kompyuta kwa vali inayodhibiti bosti) imepanda juu kabisa, yaani kompyuta inailazimisha turbo ijaze na upepo haufiki, DAM, alama ya kompyuta kwamba injini inachoma vizuri, iko 1.0 ambayo ndo ya juu kabisa, na noki (mafuta kulipuka vibaya ndani ya injini) hamna. Sa turbo iliyokufa ndo inapiga kelele vile? Upepo unavuja njiani. Tukapuliza moshi kwenye mfumo, ukatokea kwenye klampu ya hozi ya silikoni, maana kwenye baridi kali mpira unasinyaa na klampu ya skrubu inabaki palepale. Nimeweka zenye springi, zinajikaza zenyewe, bosti imerudi.

Kingine ni joto la oili. Asubuhi maji yanapanda haraka unadhani gari iko tayari, oili iko nyuma kabisa, mi sikanyagi mpaka ipite 80.

Kwenye theluji lakini Accessport haikusaidii kitu jamani, hela ya kwanza iende kwenye tairi. Nina Blizzak, tairi za baridi, na magurudumu yote manne kuvuta kunakusaidia kuondoka tu, kusimama ni tairi, na zile za kiangazi chini ya digrii 7 mpira unaanza kuwa mgumu. Na usukani ukitetemeka haiwei baada ya theluji usikimbilie kununua beringi, chungulia ndani ya rimu kwanza, barafu ikigandia upande mmoja balansi inapotea, ikwangue uendelee na safari.

Ubaya wake: inajifunga na gari moja, ukiinunua mtumba hakikisha mwenye nayo ameshaifungua (uninstall) kutoka kwenye gari lake la zamani la sivyo umenunua kalamu ya kuandikia ukutani, na kila aina ya gari ina Accessport yake, ya WRX haiingii kwenye Golf. Walio Dar na Nairobi na Subaru za Japani angalieni modeli yenu kama inakubaliwa kabla hamjatuma hela. Gari ikiwa bado na waranti pia fikiria mara mbili, dila wanaweza kugundua.

Nyota nne na nusu, ile nusu nimekata kwa sababu ya bei.