Uzoefu wangu: uhimilishaji, uhamishaji wa kiinitete na IVF ya ng'ombe kwa mwanafunzi wa biolojia

Vitabu vingi huzipanga mbinu hizi za kusaidia uzazi kwenye jedwali: jina, faida, hasara. Mwanafunzi hukariri, hujibu mtihani, na bado hajui kwamba kila mbinu huchukua hatua fulani tu ya uzazi na kuuachia mwili zilizobaki. Mimi nazitumia kwa ng'ombe wa maziwa na nazifundishia, kwa hiyo nazipima kama huduma na kama somo. Kipimo changu ni hiki: mimba isiposhika, je, mwanafunzi anaweza kuonyesha ilipokwama?

Kwa kipimo hicho uhimilishaji, yaani kumwekea jike mbegu za dume bila kupandwa, unapata nyota tano, ingawa ndio mbinu kongwe na ya bei nafuu kuliko zote. Kinachochukuliwa hapa ni kazi ya dume peke yake. Kupevuka kwa yai, kurutubishwa na kujipandikiza kwa mimba vyote vinabaki kwa jike. Mbegu huja kwenye mrija wa mililita 0.25 au 0.5, wenye mbegu zipatazo milioni 20 zilizogandishwa ndani ya naitrojeni ya maji, nyuzi -196 za Selsiasi. Tanzania madume wa kutoa mbegu hizo wanatunzwa kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji (NAIC), Usa River, Arusha. Kenya kazi hiyo inafanyika Kabete.

Kasoro kubwa ya huduma hii iko kwenye mtungi wa naitrojeni, na mfugaji haioni. Mhimilishaji akiinua kikopo chenye mirija hadi nje ya shingo ya mtungi huku akitafuta jina la dume, mirija inapata joto, kisha inarudishwa kwenye baridi. Ikipita takriban nyuzi -130, fuwele ndogo za barafu huanza kuungana kuwa kubwa na kuchana utando wa mbegu. Kurudisha mrija kwenye naitrojeni hakuponyi kitu. Kikopo kibaki chini ya mstari wa barafu shingoni, na kisikae hapo zaidi ya sekunde nane hivi. Kiwango cha naitrojeni kipimwe kwa kijiti kisicho na tundu. Ukitumia bomba lenye uwazi, naitrojeni itachemka ndani yake na kukurukia usoni.

Kuyeyusha: maji ya nyuzi 35 hadi 37, sekunde 30 hadi 45, kwa kipimajoto cha kweli. Maji ya chai "yaliyopoa kidogo" yameua mbegu nyingi kuliko ugonjwa wowote. Kausha mrija vizuri kabla ya kuukata, kwa sababu tone moja la maji likiingia mbegu hufyonza maji na kuharibika. Hapo una somo la osmosisi lisilohitaji kiazi. Kata kwa unyoofu, bila mshazari, kwenye sehemu yenye hewa, pasha bunduki (fimbo nyembamba ya kupeleka mbegu) kwa kuisugua, vaa ala yake, na mbegu ziwe ndani ya ng'ombe katika dakika 10 hadi 15. Ukiwa na hadubini, weka tone kwenye kioo chenye joto la nyuzi 37. Zinazosonga mbele zikiwa chini ya asilimia 40, usilaumu ng'ombe.

Saa ya kuhimilisha ndiyo inayowashinda wengi. Ng'ombe mwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa, husimama akipandwa na wenzake. Kupanda wengine si ushahidi wa kutosha. Yai hutoka takriban saa 24 hadi 30 tangu joto lianze, na likishatoka halidumu, saa chache tu. Mbegu nazo zinahitaji saa kadhaa njiani kabla hazijaweza kurutubisha. Ndiyo sababu ya kanuni ya zamani: aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni, wa jioni ahimilishwe asubuhi ya kesho. Kwa zebu, ng'ombe wa nundu, kanuni hii ni ngumu kuifuata, maana joto lao ni fupi, dalili ni hafifu, na mara nyingi huja usiku.

Kisha mlango wa kizazi, wenye mikunjo mitatu au minne iliyokaza. Bunduki huingia ikielekea juu ili isipotelee kwenye njia ya mkojo. Mkono ulio kwenye puru ndio unaofanya kazi: unaushika mlango na kuuvuta kuja kwenye bunduki. Wanafunzi karibu wote husukuma bunduki, na hapo ndipo wanapotoboa au kukwama. Mbegu zimwagwe taratibu, kwa kuhesabu hadi tano, kwenye mwili mfupi wa uterasi mara tu baada ya mkunjo wa mwisho. Zoezi ninalolipendekeza kuliko yote: chukua vizazi machinjioni, jaza mrija maji yenye rangi ya bluu, wanafunzi wapitishe bunduki, kisha pasua. Rangi iliyobaki katikati ya mikunjo au iliyokimbilia pembe moja haibishaniwi.

Mbegu zilizochaguliwa jinsia ni huduma ile ile kwa bei ya juu. Mbegu yenye kromosomu X ya ng'ombe ina DNA nyingi kwa karibu asilimia 3.8 kuliko yenye Y. Zinatiwa rangi inayong'aa, zinapita mbele ya leza moja moja, mashine inazitenga. Unapata mtamba kwa uhakika wa asilimia 90 hivi. Lakini mrija huwa na takriban milioni 2 tu, nazo zimechoshwa na safari hiyo, kwa hiyo mimba hushika kwa uchache zaidi. Kwa mtamba mwenye afya, sawa. Kwa ng'ombe aliyekwisha kurudia joto mara tatu, ni kupoteza hela.

Uhamishaji wa kiinitete, yaani kutoa viinitete kwa ng'ombe mmoja na kuviweka kwa mwingine, naupa nyota nne kama somo, mbili kama huduma kwa mfugaji wa kawaida. Hapa tunaingilia homoni. Ng'ombe mtoaji hudungwa FSH, homoni ya kukuza vifuko vya mayai, asubuhi na jioni kwa siku nne, dozi ikipungua kila siku, ili vifuko vingi vya mayai vikue badala ya kimoja kutawala na vingine kufa. Siku ya tatu au ya nne huongezwa homoni ya prostaglandini kuondoa kopasi luteumu, kile kivimbe cha njano kinachotoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba. Joto likija, anahimilishwa baada ya saa 12 na tena baada ya saa 24 tangu lianze. Siku ya saba uterasi inasafishwa kwa maji maalumu kupitia katheta yenye puto, maji yanapita kwenye chujio, na kilichobaki kinatafutwa chini ya hadubini.

Kwa nini siku ya saba? Mapema zaidi viinitete bado viko juu, kwenye mirija ya uzazi au ncha ya pembe, na maji hayavifikii. Ukichelewa, vimeshatoka kwenye ganda, zona pelusida, na ganda hilo likiwa zima ndilo linaloruhusu kuviosha mara kumi kuondoa vimelea. Mwanafunzi huona kwa macho yake morula (kiinitete kilicho bonge la seli) na blastosisti (kilichokwisha kupata uwazi ndani), na hujifunza kutofautisha kiinitete cha daraja la kwanza na yai ambalo halikurutubishwa. Hilo la mwisho huwadanganya hata wazoefu, kwa kuwa kwa mbali ni duara safi, zuri kupita kiinitete chenyewe.

Ubaya wake ni kutotabirika. Wastani unaotajwa ni viinitete vitano au sita vizuri kwa kila usafishaji, lakini wastani huo unaficha ng'ombe wa 15 na ng'ombe wa sifuri, na gharama ya dawa ni ile ile. Mpokeaji naye lazima awe amepata joto ndani ya saa 24 na mtoaji, kabla au baada. Kiinitete huwekwa kwenye pembe ya upande ule ule wenye kopasi luteumu, ndani zaidi kuliko mbegu, kwa mkono mwepesi; kukwaruza ukuta wa uterasi kunatoa prostaglandini, na mimba imekwisha kabla haijaanza. Mfugaji akikushauri uweke viwili apate pacha, mkatalie: jike akizaliwa pamoja na dume, zaidi ya mara tisa katika kumi huwa tasa, kwa sababu mishipa ya kondo zao huungana na homoni za dume huvuruga viungo vyake vya uzazi.

IVF ya ng'ombe, yaani kurutubisha yai nje ya mwili, shambani ni huduma ya wachache, lakini nusu yake ya kwanza inawezekana kwenye maabara ya shule. Chukua ovari machinjioni, zisafirishe kwenye chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, nyuzi 30 hadi 35. Kwa sindano ya geji 18 nyonya vifuko vyenye kipenyo cha milimita 2 hadi 8. Acha majimaji yatulie, kisha tafuta mayai chini ya hadubini ya vitu vikubwa. Yai bora limezungukwa na tabaka nene za seli za kumulasi; lililo uchi liweke kando. Maji yakiganda kama jeli, ni damu: ongeza heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mwanzoni. Kuendelea kunahitaji inkubeta ya nyuzi 38.5 yenye asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi: saa 22 hadi 24 za kukomaza mayai, takriban saa 18 pamoja na mbegu, kisha kulea hadi siku ya saba. Kinachoharibu zaidi hapa ni mvuke wa dawa za usafi, spiriti, hata rangi mpya ya ukutani.

Kwa binadamu hatua ni zile zile kwa ratiba tofauti: mayai hutolewa saa 34 hadi 36 baada ya sindano ya mwisho ya kukomaza, na saa 16 hadi 18 baada ya kurutubisha mtaalamu hutafuta viini viwili ndani ya yai, kimoja cha mama na kimoja cha baba. Kikionekana kimoja au vitatu, hapo pana jambo. Louise Brown alizaliwa kwa IVF Julai 1978 huko Uingereza.

ICSI, kudunga mbegu moja ndani ya yai, ilileta mimba za kwanza za binadamu Brussels mwaka 1992, na ni jibu kwa mwanaume mwenye mbegu chache au zisizotembea. Kwa somo naipa nyota mbili, maana mwanafunzi ataishia kutazama picha tu. Swali zuri la mtihani limo humo, hata hivyo: kwa ng'ombe ICSI hufanya vibaya, yai lake mara nyingi halizinduki mpaka lichochewe kwa kemikali, ilhali kwa farasi ndiyo iliyoshika hatamu kwa miaka mingi kwa kuwa IVF ya kawaida ilikuwa ikigoma. Mpe mwanafunzi wanyama hao wawili, umuulize ni kizuizi kipi ICSI inakiruka na kipi inakiacha.