Blink-182 na "One More Time...": nyimbo nzuri, miksi iliyobanwa

Albamu hii ya Blink-182, bendi ya Marekani, ina nyimbo tatu au nne ambazo ningempa mtu yeyote anayetaka kujua pop-panki, yaani roki ya kasi yenye melodi za pop, ni muziki gani. Ina pia sauti iliyobanwa, yaani za chini zimepandishwa karibu na za juu, mpaka masikio yanachoka kabla nyimbo hazijaisha. Ndiyo maana ukiwasikiliza mashabiki kisha ukawasoma wahakiki, utadhani wanazungumzia albamu mbili tofauti.

"One More Time..." ilitoka tarehe 20 Oktoba 2023. Mashabiki waliipokea kwa mikono miwili. Kule Marekani ilikwenda moja kwa moja hadi namba moja, ikawapita hata Rolling Stones waliotoa albamu yao siku hiyohiyo. Ilikuwa mara ya tatu kwa Blink-182 kushika nafasi hiyo, baada ya 2001 na 2016. Wahakiki hawakuwa na furaha ya namna hiyo. Wengi waliguswa na kurudiana kwa wanabendi watatu, Mark Hoppus, Tom DeLonge na Travis Barker, ila baadhi yao walichoshwa na matani ya chooni kutoka kwa wanaume wa miaka hamsini hivi, na wakaona nyimbo kadhaa zinajiiga zenyewe, kama bendi inayopiga kumbukumbu zake.

Kwenye hayo matani niko upande wa wahakiki. Nyimbo ziko 17 na zote kwa pamoja hazifiki dakika 50, na kuna vipande vifupi vya makelele ambavyo ukiviondoa hakuna atakayeuliza vimekwenda wapi.

Machozi ya mashabiki nayo yana sababu zake. Bendi ilivunjika 2005. Septemba 2008 ndege aliyopanda Travis ilianguka South Carolina, watu wanne wakafa, yeye akatoka na majeraha mabaya ya moto. Msiba huo ndio uliowarudisha watatu hawa pamoja mwaka uliofuata. Mwaka 2015 Tom akaondoka tena. Kisha 2021 Mark akakutwa na saratani ya limfu, akapitia kemotherapi, akapona, na katika ugonjwa ule yeye na Tom wakaanza kuzungumza upya. Wimbo uliobeba jina la albamu unauliza waziwazi kwa nini ilibidi mtu augue na ndege ianguke ndipo waambiane kwamba wanapendana. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi, akaona wanamuziki wanavyohama bendi na kununiana miaka na miaka, hahitaji kueleweshwa uzito wa swali hilo.

Hata hivyo, kwangu huo si wimbo bora wa albamu, ingawa ndio uliopigwa sana redioni. Umeeleza kila kitu, haukumwachia msikilizaji kazi.

Wimbo bora ni "You Don't Know What You've Got". Humo Mark anaimba kuhusu kuugua kwake, na gitaa linaloufungua linafanana sana na lile la "Adam's Song", wimbo wao wa 1999 kuhusu kijana aliyekata tamaa ya kuishi. Sidhani kama mfanano huo umetokea kwa bahati. Sauti ile ile iliyoimba habari za mtu asiyetaka tena kuwepo, sasa ni ya mtu aliyelala kitandani akitamani abaki. Niliposikia mara ya kwanza nilisimamisha simu, nikarudisha mwanzo. Wimbo huu peke yake ungetosha kuwajibu wanaosema wazee hawa hawana jipya la kusema.

Kuna "Terrified" pia, ambao nashangaa haukuzungumzwa zaidi. Ulianza kuandikwa enzi za Box Car Racer, mradi ambao Tom na Travis waliufanya bila Mark na kutoa albamu 2002. Mradi ule ulimuumiza Mark, na wengi wanauhesabu kuwa ufa wa kwanza katika bendi. Sasa wimbo uliobaki kutoka kwenye jeraha lile umerekodiwa na wote watatu, Mark akiwa ndani. Hawakuweka maelezo yoyote, wameupiga tu, kwa kasi na hasira zake zote. Mimi huo ndio msamaha ninaousikia kwenye albamu hii.

Nije kwenye dramu, kwa sababu mimi hupiga dramu kanisani na Travis ndiye aliyenifanya nitake kushika fimbo. Anapiga vizuri mno. Sikiliza wimbo wa kwanza, "Anthem Part 3", jinsi anavyoingia kwa fujo iliyohesabiwa, kila pigo mahali pake. Tatizo ni kwamba Travis ndiye pia prodyuza, na mwisho wa kazi sauti imebanwa kupita kiasi. Vipigo vidogo vya snea, ile ngoma ya katikati yenye mlio mkali, vile vya chinichini vinavyofanya mdundo upumue, vimepandishwa karibu na vile vikubwa. Matoazi yanageuka kuwa mchanga. Kibwagizo kinapofika hakiruki, kwa kuwa beti zilikuwa tayari ziko juu. Sauti za kuimba nazo zimenyooshwa, hasa ya Tom, ambaye ule upindaji wake wa maneno ndio tuliompendea. Mashabiki wengi waliyasema haya pia, tena wale wanaoipenda bendi kwa dhati, kwa hiyo si kweli kwamba mashabiki walisamehe kila kitu kwa sababu ya huruma.

Na jamani, Matt Skiba atajwe kwa heshima. Tom alipoondoka 2015 yeye ndiye aliyeshika gitaa na kuimba, na albamu ya kwanza waliyofanya naye, "California" ya 2016, ilifika namba moja Marekani na kuteuliwa kuwania Grammy. Kumsherehekea Tom hakuhitaji kumfuta mtu aliyeiweka bendi hai.

Ukitaka kuisikiliza, usianzie mwanzo. Anza na "You Don't Know What You've Got", kisha "Terrified", kisha "More Than You Know", ndipo urudi kwenye wimbo wa kwanza. Tumia spika badala ya vipokea sauti vya masikioni, maana huko ndani ubanaji unachosha haraka. Septemba 2024 waliongeza nyimbo nyingine chini ya jina "Part-2", nazo zimetoka kwenye jiko lilelile. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Albamu ijayo Travis abaki kwenye kiti chake cha dramu, usukani wa studio apewe mtu wa nje.