Mvule niliokutana nao Nouméa

Ndugu mabaharia, meli ikikupeleka New Caledonia, visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya Ufaransa, kuchukua nikeli na ukabahatika kupata siku ya kushuka, achana na maduka ya mjini. Nenda rasi ya Tinu, hapo hapo Nouméa, mji mkuu, kwenye Kituo cha Utamaduni cha Jean-Marie Tjibaou, kilichopewa jina la kiongozi wa wenyeji aliyedai uhuru wao. Ila patana bei ya teksi kabla hujaketi. Mimi niliketi kwanza, nikalia baadaye.

Kwa mbali nilidhani ni ujenzi uliokwama. Vibanda kumi virefu vimejipanga mstari, kirefu kuliko vyote kina mita 28, na juu mbavu zimeachwa wazi kama jahazi lililotelekezwa likiwa bado linaundwa. Kumbe ndivyo alivyotaka Renzo Piano, Mwitaliano aliyelichora jengo hilo. Umbo kalitoa kwenye nyumba za msonge za Wakanak, wenyeji wa visiwa hivi, halafu akaliacha bila kulifunga.

Marehemu baba alikuwa seremala Tanga, kwa hiyo mimi kabla ya kutazama kitu hukigusa. Mbao zimepauka, kijivu kama shina la mnazi. Nikauliza ni mti gani, nikajibiwa: iroko. Jina hilo nalijua kwenye makaratasi ya mizigo ya Afrika Magharibi. Ni mvule! Mvule ule ule wa milango na makabati ya kwetu, huku umeunganishwa kwa gundi na chuma cha pua, umesimama katikati ya Pasifiki ukipigwa na chumvi. Upepo wao mkuu unatoka kusini-mashariki, kama kusi yetu, na kuta zimepangwa mbao nyembamba zenye nafasi ili upite na kupoza ndani. Nilisimama pale nikisikiliza jengo zima linavuma.

Ndani, kilichonishika ni miimo ya milango. Nyumba kubwa ya Kikanak huwekewa miimo miwili mipana: juu imechongwa uso wa mzee wa ukoo, pua pana, macho yakikukabili, chini yake nakshi za mistari iliyopishana, utadhani ukili uliosukwa. Kwetu mlango huwa na maua, minyororo na aya. Kwao aliyekufa ndiye anakupokea mlangoni. Hapo nilikaa zaidi ya nusu saa, na mlinzi akaanza kunitazama.

Nje kuna njia ya miguu inayosimulia habari za Téâ Kanaké, mtu wa kwanza, kwa kutumia mimea, tangu asili ya viumbe hadi kuzaliwa upya. Hapo sikuhitaji Kifaransa, maana magimbi na viazi vikuu nimelima mwenyewe. Kwa Wakanak, kilimo cha kiazi kikuu ndicho kinachopanga mwaka, na kiazi chenyewe ni kitu cha heshima, hupelekwa kwenye harusi na misiba. Zipo pia nyumba za asili zenye mlango mfupi. Unaingia umeinama, utake usitake.

Juu ya kilima pana sanamu ya Tjibaou mwenyewe. Mwaka 1975 aliongoza tamasha la Melanesia 2000 hapo Nouméa, ili Wakanak waonekane katika nchi yao wenyewe. Alipigwa risasi kisiwani Ouvéa tarehe 4 Mei 1989 na Mkanak mwenzake aliyepinga mkataba ambao Tjibaou alitia saini na Ufaransa. Kituo kilizinduliwa tarehe 4 Mei 1998, miaka tisa kamili baadaye.

Tenga siku nzima. Mimi saa tatu zilinipunja, na viatu vya kazini havifai kwenye ile njia.

Jioni nilimtumia baba mdogo picha ya zile mbavu. Bado ana karakana Ngamiani. Akajibu neno moja tu: mbona hawajaupaka mafuta?